Msomaji Mnakili: Majarida ya Wapenzi wa Tarakilishi na Historia ya Kusoma, 1972–1988

Utangulizi

Historia ya fasihi imezoea kuyapita majarida ya kiufundi bila kuyatupia jicho. Mhakiki huyaona kuwa mali ya mafundi: yamejaa michoro ya saketi, matangazo ya bei na orodha ndefu za amri zisizotamkika. Kwa mtazamo huo, majarida ya wapenzi wa tarakilishi yaliyochapishwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980 hayana la kumwambia mwanafunzi wa fasihi. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai kwamba majarida hayo ni sura muhimu katika historia ya kusoma, kwa kuwa yalimzaa msomaji wa aina ya pekee: msomaji aliyelazimika kuinakili matini kwa mkono wake, herufi baada ya herufi, kabla ya kuifaidi. Katika kunakili huko alisahihisha, akabadilisha, akaongeza. Na mara nyingi aliishia kuwa mtunzi.

Dai hili lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, taaluma ya uhakiki imezungumza sana kuhusu msomaji mzalishaji. Roland Barthes, katika S/Z (1970), alitofautisha matini inayomtaka msomaji aipokee tu na matini inayomfanya awe mshiriki katika kuiandika. Kwa Barthes hilo lilikuwa suala la nadharia. Kwa wasomaji wa majarida haya lilikuwa kazi ya Jumamosi alasiri. Pili, msomaji huyo ametoweka kwa kiasi kikubwa, ilhali maandishi yanayoiendesha mitambo yamezidi kutawala maisha ya watu. Wanaotawaliwa na maandishi hayo ni wengi. Wanaoyasoma ni wachache. Inafaa basi kuuliza ni vipi kulipata kuwa na umma mpana uliosoma maandishi ya mitambo kwa hiari na kwa furaha, na ni nini kilichouondoa.

Chimbuko

Mwaka wa 1972, katika mji wa Menlo Park, California, Bob Albrecht na wenzake walianza kuchapa gazeti dogo lililoitwa People's Computer Company. Jina hilo lilikuwa na kejeli ndani yake, kwani halikuwa gazeti la kampuni kwa maana ya biashara kubwa. Tarakilishi za wakati huo zilimilikiwa na serikali, mabenki, vyuo vikuu na mashirika, na msimamo wa gazeti ulikuwa kwamba chombo kilichotumiwa dhidi ya raia hakina budi kuwekwa mikononi mwa raia. Lilichorwa kwa mkono, likachanganya vikaragosi na mafunzo, na lilizungumza na watoto sawasawa na watu wazima.

Mwishoni mwa 1974, David Ahl, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya DEC, alianzisha Creative Computing huko New Jersey. Ahl alikuwa tayari amekusanya michezo ya tarakilishi katika kitabu cha 1973. Toleo jipya la kitabu hicho, BASIC Computer Games la 1978, liliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Ni idadi ambayo riwaya nyingi hazijaifikia, na ni idadi ya kitabu ambacho sehemu kubwa ya kurasa zake ni amri za mashine.

Tukio linalotajwa kama mwanzo wa harakati yote lilitokea Januari 1975, jarida la Popular Electronics lilipoitangaza Altair 8800 ya kampuni ya MITS, Albuquerque. Mnunuzi aliletewa vipande kwa bei iliyopungua dola 400, akavilehemu mwenyewe. Mashine hiyo haikuwa na kibodi wala skrini. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256, na amri ziliingizwa kwa kubonyeza swichi zilizopangwa usoni mwa kasha, moja moja. Mhakiki hawezi kupuuza ukweli mmoja kuhusu jalada la toleo hilo: kilichopigwa picha kilikuwa kasha tupu. Mashine ya mfano ilikuwa imepotea njiani ilipokuwa ikisafirishwa kwenda New York, na kasha lisilo na kitu ndani likachukua nafasi yake. Maelfu ya watu waliagiza mashine kutokana na maneno na picha. Matini ilitangulia kifaa.

Utangulizi huo wa matini unaeleza kwa nini majarida yalihitajika sana. Mtu aliyekuwa na Altair mezani katika mji mdogo hakuwa na mwalimu wala fundi wa kumwendea. Jarida ndilo lililokuwa shule, duka na baraza. Ndiyo sababu mwezi wa Septemba mwaka huohuo likazaliwa Byte, katika mji wa Peterborough, New Hampshire, chini ya Wayne Green, Virginia Londner Green na mhariri Carl Helmers. Januari 1976 likafuata lile lililokuja kujulikana kama Dr. Dobb's Journal, mhariri wake akiwa Jim Warren. Jina kamili la jarida hilo la mwisho ni utani mtupu. Dobb ni muunganiko wa majina Dennis na Bob. Sehemu iliyosalia ilitaja mazoezi ya viungo na matibabu ya meno, kwa kuwa katika Kiingereza neno linalotaja baiti hutamkwa sawa na neno linalotaja kung'ata. Watu waliolipa jarida lao jina la namna hiyo walikuwa wakicheza na lugha, na uchezaji huo umeenea katika kurasa zao zote.

Uingereza ilifuata kwa Personal Computer World mwaka 1978. Hata hivyo, umma mpana wa Uingereza uliingia uwanjani baada ya kampuni ya Sinclair kutoa ZX81 mwaka 1981 kwa pauni 69.95, na Spectrum mwaka 1982. Kuanzia hapo meza za wauza magazeti zilijaa majina kama Your Computer, Sinclair User, Acorn User na Crash.

Matini ya wasomaji wawili

Kiini cha majarida haya kilikuwa programu iliyochapwa ukurasani ili msomaji aiingize mwenyewe kwenye mashine. Hakukuwa na njia nyepesi ya kuisafirisha. Diski zilikuwa ghali, na kaseti haikuweza kuchapwa katika karatasi. Karatasi ilikuwa rahisi na ilifika kila mahali. Kwa hiyo programu ilisafiri kama shairi lisafirivyo katika kitabu, na kazi ya kuitoa kitabuni na kuipa uhai iliachiwa msomaji.

Nyingi za programu hizi ziliandikwa kwa lugha ya BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa wanasayansi. Sifa zake mbili zinamhusu mhakiki. Ya kwanza ni amri ya REM. Mstari unaoanza kwa neno hilo hupuuzwa kabisa na mashine. Umeandikwa kwa ajili ya binadamu peke yake. Katika mistari hiyo mtunzi alijitaja, akaeleza nia yake, akatania, akaomba radhi. Hivyo matini moja ilikuwa na wasomaji wawili, mashine na mtu, na ilibeba ndani yake sauti ambayo mmoja wao hakuweza kuisikia.

Sifa ya pili ni nambari za mistari. Kila mstari ulitanguliwa na nambari, na desturi ilikuwa kuhesabu kwa makumi: 10, 20, 30. Sababu ilikuwa ya kivitendo. Aliyetaka kuongeza mstari kati ya 20 na 30 aliuita 25, na mashine ikauweka mahali pake. Lakini maana ya desturi hiyo kwa historia ya kusoma ni kubwa kuliko sababu yake. Hapa palikuwa na utanzu ambao mtunzi aliuacha wazi kimakusudi, akatenga nafasi tisa baada ya kila mstari kwa ajili ya mkono wa mwingine. Ni vigumu kutaja utanzu mwingine ulioandikwa na kuchapwa ambao ulimkaribisha msomaji waziwazi kiasi hicho.

Kazi ya kunakili ilikuwa ngumu. Programu ya kurasa tatu ilichukua saa nyingi. Mwenye ZX81 alikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti moja tu, isipokuwa amechomeka nyongeza ya kilobaiti 16 mgongoni mwa mashine. Nyongeza hiyo ilijulikana kwa kulegalega: meza ikitikiswa kidogo, kazi ya mchana kutwa ilipotea yote. Umaskini huo wa kumbukumbu ulizaa ufundi wa kubana maneno. Februari 1983 jarida la Your Computer lilichapisha mchezo wa sataranji wa David Horne uliotoshea katika kilobaiti hiyohiyo moja. Programu yenyewe ilichukua baiti 672. Msomaji aliyeinakili kazi hiyo alijifunza, kwa vidole vyake, kile ambacho mwalimu wa ushairi hukifundisha kwa maneno: kwamba ufinyu wa umbo unaweza kuwa chemchemi ya ubunifu.

Makosa na mizani

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Katika programu zilizochapwa methali hiyo haikufaa kitu, kwani nukta moja iliyosahauliwa iliweza kuiangusha kazi nzima. Majarida yalilijua hilo na yalichukua hatua. Wahariri wengi waliacha kuwapa wapanga chapa programu, maana mpanga chapa mwenye bidii angeweza "kusahihisha" kile asichokielewa. Badala yake walipiga picha karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapia ya tarakilishi yenyewe. Hili ndilo wazo la mhariri wa hati za kale anayetoa picha ya hati badala ya kuamini mkono wa kati. Matokeo yake yalikuwa kurasa hafifu za vitone vya kijivu ambamo sifuri na herufi O, au moja na herufi I, ziliweza kubadilishana nafasi mbele ya macho yaliyochoka. Kila toleo lilikuwa na kisanduku cha masahihisho ya toleo lililotangulia, na ukurasa wa barua ulijaa sauti za walioona makosa kabla ya mhariri.

Jarida la Compute!, lililoanzishwa na Robert Lock huko Greensboro, North Carolina, mwaka 1979, pamoja na tawi lake la Compute!'s Gazette, lilipiga hatua zaidi. Oktoba 1983 lilianza kuchapisha programu ndogo ya ukaguzi iliyoitwa Automatic Proofreader. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila herufi ndani ya tarakilishi ina thamani ya kihesabu, programu ilizijumlisha thamani za herufi zote za mstari, ikatoa nambari moja. Nambari hiyohiyo ilichapwa jaridani kando ya mstari. Msomaji alipomaliza kuuingiza mstari, alilinganisha nambari ya skrini na ya ukurasani. Zikilingana, aliendelea, zikitofautiana, alirudi nyuma kutafuta kosa.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataitambua kazi hii mara moja, maana ndiyo kazi ya mizani. Tenzi zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu huko Pate, Lamu na Mombasa zilipitia mikono mingi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili mashuhuri aliyewaandikia wataalamu kama Alice Werner na William Hichens, alifanya kazi hiyo hadi uzeeni. Kilichomsaidia mnakili, mbali na macho yake, kilikuwa hesabu. Mstari wa utenzi una mizani nane. Ukiangusha silabi moja, sikio linakataa. Mizani ni pambo la sauti, lakini pia ni ulinzi wa matini dhidi ya usahaulifu wa anayeinukuu.

Ulinganisho huu hauishii kwenye nguvu. Unafika hadi kwenye udhaifu. Kwa kuwa Automatic Proofreader ya mwanzo ilijumlisha thamani bila kujali mpangilio, msomaji aliyeandika herufi mbili kwa kuzipishanisha alipata jumla ileile, na kosa likapita. Vivyo hivyo mnakili wa utenzi akiyapishanisha maneno mawili ndani ya mstari, mizani husalia nane na sikio huridhika. Ni kina cha mwisho tu kinachoweza kumfichua, na hicho pia endapo neno lililohamishwa ni la mwisho. Mwaka 1986 jarida lilitoa mkaguzi mpya aliyezingatia pia nafasi ya kila herufi. Waliobuni mkaguzi huyo hawakuwa wanafunzi wa arudhi ya Waswahili. Tatizo la kuhifadhi maandishi yanayopita mikononi mwa watu wengi ndilo lililowafikisha kwenye ufumbuzi wa jamii moja na ule wa washairi.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba kila kunakili kulikuwa kusoma. Januari 1984 Compute!'s Gazette ilichapisha SpeedScript ya Charles Brannon, programu ya kuandikia barua na makala ambayo wengi waliitumia kwa miaka. Hiyo haikuwa katika BASIC. Ilikuwa safu juu ya safu za nambari za lugha ya mashine, na kila safu ilimalizika kwa nambari ya ukaguzi. Msomaji aliinakili kama mtoto wa chuoni anavyofuatisha kwa kidole maandishi ya lugha asiyoijua bado: kwa uaminifu, kwa subira, na bila kuelewa. Tofauti ni kwamba mwalimu wa chuoni hutarajia kwamba ufahamu utakuja baadaye.

Naskha na nasaba

Matini inayonakiliwa hubadilika, na majarida haya hayakuona aibu juu ya hilo. Mfano bora ni mchezo wa vita vya angani uliotokana na tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Kijana Mike Mayfield aliuandika mwaka 1971, kisha akauandika upya mwaka uliofuata kwa ajili ya mashine za Hewlett-Packard. Ahl aliuhamishia lahaja nyingine ya BASIC na kuuingiza katika kitabu chake cha 1973. Bob Leedom aliupanua mwaka 1974, na toleo lake likaingia kitabuni mwaka 1978. Baada ya hapo wasomaji wasiohesabika waliugeuza kulingana na mashine zao, kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na lahaja yake ya BASIC. Anayetaka kuchora nasaba ya mchezo huu atatumia mbinu zilezile za mhakiki wa hati anayelinganisha naskha za utenzi mmoja. Atatafuta mistari iliyoongezwa, makosa yaliyorithiwa, na mkono wa kila aliyepitia.

Mfano wa pili unagusa fasihi moja kwa moja. Agosti 1980 jarida la Uingereza la Practical Computing lilichapisha makala ya Ken Reed kuhusu namna ya kutunga mchezo wa kusimulia kwa maneno. Katika michezo hiyo mchezaji huelezewa chumba, msitu au pango, naye huandika anachotaka kufanya. Desemba mwaka huohuo Byte lilichapa programu nzima ya Pirate Adventure ya Scott Adams. Graeme Yeandle aliyasoma maelezo ya Reed, na kutokana nayo akaunda The Quill, iliyotolewa mwaka 1983. Chombo hicho kilimwezesha mtu asiyejua lugha ya mashine kutunga masimulizi yake mwenyewe, na wengi walifanya hivyo. Njia inaonekana wazi: makala ikamfikia msomaji, msomaji akatengeneza chombo, chombo kikazaa watunzi.

Waraka wa 1976

Mgogoro ulizuka mapema kuhusu swali ambalo kila mapokeo ya kunakili hukutana nalo: matini ni mali ya nani? Bill Gates na Paul Allen walikuwa wameandika BASIC ya Altair, nayo ilikuwa ikinakiliwa na kugawanywa katika vikundi vya wapenzi bila malipo. Tarehe 3 Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika waraka wa wazi kwa wapenzi hao. Alidai kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika asilimia 10. Aliwaita wanakili hao wezi, akauliza ni nani atakayemudu kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira. Waraka huo ulichapwa katika jarida la Homebrew Computer Club na kwingineko.

Hoja ya Gates haikuwa dhaifu. Mtunzi hula, na utunzi bora huchukua muda. Lakini kulikuwa na jibu jingine ambalo lilianza hata kabla ya waraka. Mwaka 1975 Dennis Allison alikuwa amechapisha katika gazeti la Albrecht muhtasari wa namna ya kuunda BASIC ndogo, akiwaalika wasomaji waikamilishe. Dick Whipple na John Arnold wa Texas walituma yao, na wingi wa mwitiko ndio uliosababisha Dr. Dobb's Journal lianzishwe. Tom Pittman aliiuza ya kwake kwa dola tano, akithibitisha kwamba bei ndogo huvuta malipo. Li-Chen Wang alichapisha yake jaridani Mei 1976, na katika mistari ya juu aliligeuza tamko la hakimiliki kichwa chini: pale ambapo desturi husema haki zote zimehifadhiwa, yeye aliandika kwamba makosa yote yamehifadhiwa, akalipindua pia neno lenyewe la hakimiliki. Dhihaka hiyo ya mstari mmoja ilitangulia kwa miaka mingi fikra iliyopata umbo la kisheria katika leseni ya GPL ya Richard Stallman, mwaka 1989.

Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki. Gates alimtetea mtunzi. Majarida yalimtetea msomaji. Hata hivyo ushindi wa upande wa kwanza ulikuwa na gharama ambayo haikutajwa katika waraka. Programu iliyolindwa haikuuzwa kama maandishi yanayosomeka. Iliuzwa ikiwa imefungwa katika lugha ya mashine, na mnunuzi alipata haki ya kuitumia bila uwezo wa kuisoma.

Mipaka ya baraza

Ingekuwa kosa kuyaenzi majarida haya bila kuyakosoa. Baraza lao lilidai kuwa la wote, lakini picha na matangazo yake yalimlenga zaidi mwanamume na mvulana. Mwanamke alionekana mara nyingi kama pambo kando ya mashine. Jambo hilo linashangaza zaidi inapokumbukwa kwamba Virginia Londner Green ndiye aliyeliongoza Byte kama mchapishaji katika miaka yake ya mwanzo. Aidha, hata pauni 69.95 hazikuwa kitu kwa familia moja na zilikuwa mshahara kwa nyingine. Matangazo nayo yalizidi kula kurasa. Katika miaka ya kati ya 1980 matoleo kadhaa ya Byte yalipita kurasa 500, na sehemu kubwa ilikuwa soko.

Hata sauti ya karibu na ya kirafiki iliyowavutia vijana ilikuwa kwa sehemu ufundi wa kubuni. Crash, lililotoka Ludlow kuanzia 1984 likiwa na majalada ya Oliver Frey, lilikuwa na mhariri wa barua aliyeitwa Lloyd Mangram, mwenye hasira na vituko vyake. Mangram hakuwapo, alikuwa mhusika aliyebuniwa na wahariri. Wasomaji walimwandikia kwa miaka. Mhakiki hatalaumu hilo, kwani msimulizi wa kubuni ni haki ya kila fasihi, lakini atalitaja kama ushahidi mwingine kwamba kurasa hizi zilikuwa utunzi.

Kufifia

Msomaji mnakili hakuuawa na tukio moja. Tarakilishi ya IBM ya 1981 iliwaleta wanunuzi wa ofisini ambao hawakuwa na saa za kunakili. Kumbukumbu ilipoongezeka, programu zilirefuka hadi zikashindwa kuenea katika kurasa za jarida. Diski zilishuka bei. Creative Computing lilifungwa Desemba 1985. Compute! liliacha kuchapisha programu za kunakili mwaka 1988. Uingereza, majarida yalianza kubandika kaseti kwenye majalada, na mnunuzi akawa anapokea programu iliyo tayari bila kuona hata mstari mmoja. Kampuni iliyochapisha Crash ilifilisika mwaka 1991. Toleo la mwisho la Byte lilitoka Julai 1998, na mwaka 2009 Dr. Dobb's Journal na Personal Computer World yaliacha kuchapwa.

Mengi ya majarida hayo sasa yamepigwa picha na kuhifadhiwa katika Internet Archive, maktaba ya intaneti iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Hifadhi hiyo ina umuhimu mkubwa, lakini inarudisha tatizo la zamani. Mashine inayosoma picha za kurasa na kuzigeuza kuwa maandishi huchanganya sifuri na O, moja na I, sawasawa na kijana wa 1983 aliyesinzia mbele ya kibodi. Kupatikana kwa programu iliyo sahihi bado kunadai mtu aisome na kuinakili. Mwaka 2021 Jeff Atwood alianzisha mradi wa kuhamishia michezo ya kitabu cha Ahl katika lugha za kisasa, na watu wengi wakajitolea. Walifanya kile ambacho wasomaji wa Leedom na Mayfield walikifanya: waliinakili matini wakaibadilisha ili iendelee kuishi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majarida ya wapenzi wa tarakilishi yalikuwa na utanzu wake, wenye kanuni za umbo, mbinu za kulinda matini, mgogoro wa umiliki na nasaba za naskha. Yamebainisha pia kwamba msomaji wa utanzu huo alikuwa na mamlaka juu ya matini kwa sababu ilimbidi aipitishe mikononi mwake. Urahisi uliofuata ulimpunguzia taabu, na pamoja na taabu ukampokonya mamlaka hayo.

Si lengo la uhakiki kudai kwamba watu warudi kuingiza nambari kwa saa sita. Lakini jamii inayoendeshwa na maandishi isiyoyasoma haina tofauti kubwa na kijiji chenye mkataba mmoja na mtu mmoja ajuaye kusoma. Wanafunzi wa fasihi wana ujuzi wa kulinganisha naskha, kufuatilia makosa na kuuliza ni nani anayesema ndani ya matini. Ujuzi huo haupaswi kukomea kwenye tenzi na riwaya. Utafiti zaidi wahitajika kuhusu mistari ya REM kama utanzu wa maelezo, kuhusu kurasa za barua, na hasa kuhusu wasomaji walioachwa nje ya baraza. Kurasa zenyewe zimekwisha kuhifadhiwa. Kinachokosekana ni wahakiki wa kuzisoma.